Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Fundi wa tarakilishi mjini Nanyuki alipoambiwa kwamba kasha lililowekwa mezani pake lilikuwa na Windows na Linux kwa pamoja, alicheka, akatikisa kichwa, akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Mwenye kasha alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Timau, na methali hiyo aliijua vyema kuliko fundi. Hata hivyo alinyamaza. Haja yake siku hiyo ya Aprili 2007 ilikuwa moja tu. Windows XP yake ilikuwa imelemewa na virusi vilivyoletwa na flashi za marafiki. Kila baada ya dakika chache ilijizima na kujiwasha, na sura ya pili ya mradi wake wa utafiti ilikuwa imenaswa humo. Alimwomba fundi aokoe ile sura, aisakinishe Windows upya, na Linux asiiguse. Fundi akaitikia.

Siku ya pili mwanafunzi alipanda matatu ya kurudi Timau, kasha amelipakata kama mtoto. Alipoliunganisha na skrini nyumbani na kuliwasha, Windows mpya ilifunguka moja kwa moja, safi, bila kumwuliza neno. Ile orodha fupi nyeusi iliyozoea kumtaka achague mfumo wa kuingia haikutokea. Alizima, akawasha tena. Haikutokea. Ndipo alipokaa kitako, kwa maana ndani ya Linux mlikuwa na dakika 43 za sauti ya babu yake, naye babu alikuwa amezikwa mwezi wa Februari.

Ili ieleweke jinsi sauti ya mzee ilivyofika mahali pasipoonekana, inafaa kurudi nyuma kidogo.

Timau ni mji mdogo kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Upepo wake ni wa baridi, mashamba yake ni ya ngano, shayiri na viazi, na mashamba makubwa ya maua yameleta wafanyakazi kutoka pembe nyingi za nchi. Mmeru, Mkikuyu, Mmaasai, Mturkana na Mluhya hukutana kwenye duka moja la unga, na kinachowawezesha kupatana bei ni Kiswahili. Nyumbani kwa mwanafunzi huyu kulizungumzwa Kimeru, sokoni Kiswahili, shuleni Kiingereza kwa amri na Kiswahili kwa ratiba. Kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine halikuwa jambo la kufikiriwa. Mtoto alivuka kama anavyovuka barabara, akitazama kulia na kushoto.

Tarakilishi yenyewe ilikuwa ya mtumba, yenye diski ya gigabaiti 40 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Linux ilimfikia kwa sanduku la posta katikati ya mwaka 2006, ikiwa CD ya Ubuntu 6.06 ndani ya bahasha ya karatasi ngumu. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikizituma CD hizo bila malipo popote duniani, huduma iliyodumu kutoka 2005 hadi 2011. Na kwa mtu ambaye intaneti yake ilikuwa ya saiba, ya kulipiwa kwa dakika, hiyo ilikuwa njia ya kupata mfumo mzima wa uendeshaji bila kuusubiri na bila kuuiba. Jina nalo lilimteka. Mwanafunzi wa isimu ya Kibantu akutanapo na neno ubuntu hawezi kulipita bila kulinganisha: utu wa Kiswahili, muntu wa Kimeru. Alilipenda jina kabla ya kukijua kitu. Akaigawa diski, sehemu kubwa akaiachia Windows, robo akaipa Linux, akajiona ametenda haki.

Hakujua bado kwamba kugawa si sawa na kushirikisha.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alitaka kurekodi visasili vya Wameru kwa ajili ya mradi wake. Babu aliketi karibu na meko, akapewa maikrofoni ndogo ya bei rahisi aishike kama kijiko, na mjukuu akafungua kinasa sauti cha Windows XP. Babu alianza kwa Kimeru, taratibu, na hata hajamaliza kuwataja wazee waliomsimulia, chombo kilisimama. Kinasa sauti kile, kwa jinsi kilivyotengenezwa, kilinasa sekunde 60 na kukoma.

"Babu, ngoja kidogo, kimekata," mjukuu alisema.

"Mjukuu wangu, chombo chako kina haraka kuliko mimi."

Kilipokata mara ya tatu, mzee aliiweka maikrofoni chini. Mjukuu akaizima Windows, akaiwasha Linux, akafungua kinasa sauti cha upande huo, ambacho hakikuwa na mpaka wa dakika. Akajaribu kwanza kwa sekunde chache, akahifadhi jaribio hilo kwa jina la babu.ogg, kwa herufi ndogo. Kisha akamrudishia mzee maikrofoni. Masimulizi yenyewe aliyahifadhi kwa jina la Babu.ogg, kwa herufi kubwa mwanzoni, kama heshima inavyodai.

Alichosimulia babu kilikuwa kisa cha Mbwaa. Mapokeo ya Wameru husema kwamba wahenga wao waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, kando ya maji makuu, wakitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, waliowatwisha kazi zisizowezekana. Mojawapo ilikuwa kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe walitoroka kwa kuyavuka maji. Waliovuka usiku wakawa ukoo mweusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakawa weupe. Baadhi ya wanahistoria, akiwemo Jeffrey Fadiman, wameihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Jambo hilo lilimsisimua sana mwanafunzi: huenda babu zake walikwisha kuisikia lugha ya pwani karne kadhaa kabla ya yeye kuifanyia mtihani. Babu hakujali Manda wala Lamu. Alichokijali ni mpangilio wa waliovuka, nani mbele na nani nyuma, na hapo sauti yake ilipanda akaimba ubeti mmoja ambao mjukuu hakuwahi kuusikia kabla ya siku hiyo.

Basi hizo ndizo dakika 43.

Usiku ule wa Aprili mwanafunzi alimpigia fundi simu kwa salio lililobaki. Fundi alimwelekeza afungue mahali panapoonyesha diski yote. Naam, sehemu ilikuwapo, lakini Windows iliiandika kuwa haijulikani. Haikuwa na herufi, haikuwa na jina, haikufunguka. "Hiyo ni tupu," fundi alisema kwa wema kabisa, "ifute tu, uiunganishe na nyingine, upate nafasi." Kidole cha mwanafunzi kilikuwa tayari juu ya kipanya. Kilichomzuia hakikuwa ujuzi. Salio liliisha kabla fundi hajamaliza kueleza jinsi ya kufuta.

Kilichokuwa kimetokea ni jambo la kawaida sana, na waliowahi kuweka mifumo miwili katika tarakilishi za miaka hiyo wanalifahamu. Mashine iwashwapo husoma kwanza kipande kidogo mwanzoni mwa diski, baiti 512 tu, na kipande hicho ndicho huielekeza pa kwenda. Linux iliposakinishwa iliandika hapo programu yake ya kuchagulisha, iitwayo GRUB, ambayo iliitambua Windows na kumpa mtumiaji hiari. Windows XP iliposakinishwa upya iliandika yake juu ya hiyo, bila kuuliza, na yake haikumtambua mwingine. Faili za Linux hazikuguswa hata moja. Nyumba ilikuwa imesimama na watu wake ndani, ila mlango ulikuwa umezibwa.

Na hata mlango ungekuwapo, Windows isingeweza kuingia. Kila mfumo una namna yake ya kupanga faili kwenye diski: Windows XP ilitumia NTFS, iliyoanza mwaka 1993, Linux ya wakati huo ilitumia ext3, iliyoingizwa rasmi mwaka 2001. Linux iliweza kuisoma NTFS, ingawa haikuweza kuiandikia kwa usalama. Windows, kwa upande wake, haikuisoma ext3 hata kidogo. Zilikuwapo programu za watu wengine za kuisaidia, lakini mtu aliye Timau usiku bila intaneti angezitoa wapi? Kwa hiyo uhusiano wa hawa wawili haukuwa wa usawa. Mdogo alijifunza lugha ya mkubwa. Mkubwa alimtazama mdogo akasema hapa hapana kitu. Mwanafunzi aliyekulia Timau hakuhitaji kutafsiriwa hali hiyo. Alikwisha kumwona nyanya yake akiongea Kiswahili cha kubahatisha na karani, na hakuwahi kumwona karani akijaribu hata salamu ya Kimeru.

Asubuhi alikumbuka CD. Ubuntu 6.06 ilikuwa na sifa moja ambayo hakuwa ameithamini: iliweza kuendeshwa kutoka kwenye CD yenyewe, bila kusakinishwa. Aliitia, akawasha, akasubiri kwa muda mrefu huku diski ikivuma. Kisha, kutoka kwenye mfumo ule wa muda usiokuwa na makao, aliziona sehemu zote mbili za diski kwa pamoja, na ndani ya moja ile folda ya visasili. Aliifungua Babu.ogg. Upepo ulisikika kwanza, kisha kikohozi, kisha mzee akauliza kwa Kimeru kama sasa kinasikia.

Mama yake aliyekuwa akichambua maharage nje aliingia na ungo mkononi, akasimama mlangoni, wala hakusema kitu mpaka sauti ikaisha.

Kuurudisha mlango kulihitaji amri fupi tatu, ambazo alizipata siku iliyofuata katika saiba na kuzinakili kwa kalamu kwenye daftari. Kazi kubwa ilikuwa nyingine. Hakutaka tena faili za babu zikae mahali ambapo upande mmoja wa mashine huziona na upande wa pili huziita utupu. Ushauri wa wajuzi wa wakati huo ulikuwa mmoja: tenga sehemu ya tatu, isiyo ya yeyote kati ya hao wawili, na uipange kwa FAT32. Mpangilio huo ulitoka kwa Microsoft mwaka 1996 na ulikuwa wa kizamani, lakini kila mfumo uliujua, wa kusoma na wa kuandika. Kwa programu ya kugawa diski iliyokuwa ndani ya CD hiyohiyo aliipunguza sehemu ya Windows, akapata gigabaiti 10 katikati. Windows iliziita D. Linux iliziweka kwenye folda aliyoipa jina la Sokoni.

Jina hilo halikuwa la mzaha. Sokoni Timau hakuna anayeleta ukoo wake wote. Huleta gunia moja la viazi na Kiswahili cha kuliuzia.

Siku ya kwanza tu soko lilimpa somo. Alizichagua faili zote za folda ya visasili kwa pamoja na kuziburuta kwenda Sokoni. Nusu ya njia mashine ilisimama ikauliza: faili yenye jina hili ipo tayari, je, ichukue nafasi yake? Alikuwa amechoka, na aliyechoka hubonyeza ndiyo. Alisoma tena. Iliyokuwa ikiulizia ni babu.ogg, lile jaribio la sekunde chache, ambalo lilikuwa karibu kuifuta Babu.ogg. Kwa Linux, herufi kubwa na herufi ndogo ni herufi mbili tofauti, na faili mbili zilikuwa zimeishi katika folda moja miezi minane bila kugombana. FAT32 haioni tofauti hiyo. Kwake babu ni babu. Mwanafunzi alibonyeza la, akaenda kuosha uso, akarudi na kubadilisha majina yote.

Majina yaliendelea kumsumbua. Faili aliyoiita "Mbwaa: nani alivuka usiku?" ilikataliwa kabisa, kwa kuwa nukta pacha na alama ya kuuliza haziruhusiwi katika majina ya upande wa Windows. Faili zenye irabu za Kimeru zilizo na kiwimbi juu, kama ile iliyohusu Mũgwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, zilitokea Sokoni zikiwa na alama ya kuuliza mahali pa irabu, kwa sababu mstari aliouandika mwenyewe wa kuifungua sehemu ile haukutaja Unikodi. Neno moja lililokosekana katika mstari mmoja, na orthografia ya lugha nzima ikawa swali. Aliliongeza, irabu zikarudi. Akagundua vilevile kwamba hawezi kuandika chochote humo isipokuwa kama msimamizi mkuu wa mashine. FAT32 haina mahali pa kuandika faili ni ya nani, hivyo Linux, ambayo haipendi kitu kisicho na mwenyewe, ilikuwa imemkabidhi mkuu kila kitu. Hilo nalo lilirekebishwa kwa kuuambia mfumo kwamba vyote vilivyomo ni vya mtumiaji huyu.

Lakini lililomkera zaidi ni ubeti. Alikuwa ameunakili ule wimbo wa babu upande wa Linux katika faili ya maandishi matupu, kila mshororo mstari wake, Kimeru juu na Kiswahili chini. Alipoufungua kwa Notepad upande wa Windows, mishororo yote ilikuwa imemwagika katika mstari mmoja mrefu, na palipokuwa na mwisho wa mshororo pamebaki kisanduku. Windows huumaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na Notepad iliyoona alama moja haikujua kwamba mstari umeisha. Ilisubiri hadi mwaka 2018 kurekebishwa. Mtu asiyesoma ushairi anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Mhadhiri wa ushairi angelia. Maneno yote yapo, hakuna hata herufi iliyopotea, na bado si shairi tena.

Sauti nayo ilipofika upande wa Windows haikuimba. Kicheza sauti cha Windows hakikujua umbo la ogg, na mpaka alipoipata programu ya VLC kwenye CD ya rafiki, faili ilikuwa Sokoni, inaonekana, ina ukubwa wake na tarehe yake, ila ni bubu. Sura za mradi zilikuwa na taabu hiyohiyo: alizoandika kwa OpenOffice.org katika umbo la odt hazikufunguka katika Microsoft Word ya ofisi ya msimamizi wake, ijapokuwa umbo hilo lilikuwa limekubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Word ilikuja kulifungua mwaka 2009. Ikabidi kila sura ihifadhiwe mara mbili, na kila mara jedwali moja au mbili lilipinda njiani.

Ni hapo wazo lilipoanza kumwandama, na ndilo lililobadilisha mradi wake. Alikuwa amekusudia kuwasilisha visasili kwa Kiswahili pekee. Idara ni ya Kiswahili, wasomaji ni wa Kiswahili, na tafsiri aliifanya mwenyewe kwa uangalifu. Matini ya Kimeru ilikuwa malighafi tu, ya kuachwa nyumbani. Sasa alijiuliza kama hakuwa anafanya lile alilokaribia kufanya usiku wa Aprili: kuiita sehemu asiyoitumia utupu, akaifuta apate nafasi. Sokoni hubeba mengi, lakini hakibebi kila kitu. Hakipokei faili inayofikia gigabaiti 4. Hakijui mwenye mali. Tena hakiweki kumbukumbu ya shughuli zilizokuwa zikiendelea umeme unapokatika, kama NTFS na ext3 zinavyofanya, na umeme wa Timau msimu wa mvua hukatika bila kuaga. Mwenye busara hupitisha faili Sokoni. Hahifadhi humo nakala ya pekee.

Hapa ni lazima kukiri kwamba mfano unachechemea. Kiswahili si FAT32, na mwanafunzi wa Kiswahili anayekubali lugha yake iwe ghala la katikati tu, la kuwapitishia wengine mizigo, ameisaliti fasihi yake ya karne nyingi. Kiswahili ni nyumba kamili ya wenye nyumba. Lakini Timau, kwa watu wengi wa Timau, kimekuwa soko, na hakuna aibu katika kuwa soko. Aibu ingekuwa kwa msomi anayedhani kwamba kisichoingia sokoni hakipo.

Alimweleza msimamizi wake. "Mwalimu, naomba kuambatisha matini ya Kimeru, yote, pamoja na ubeti." Msimamizi, mama wa makamo aliyekuwa mpole kwa wanafunzi na mkali kwa kalamu, alimwuliza ni nani kwenye idara atakayeisoma. Mwanafunzi alijibu kwamba kwa sasa huenda hakuna. Msimamizi alitafakari, akasema basi iambatishwe, ila kurasa zake zisihesabiwe katika idadi inayotakiwa. Huo ulikuwa ushindi wa kurasa 19.

Yafaa kuongeza kwamba Kiswahili chenyewe kiliingia katika mashine hizi kwa milango miwili wakati uleule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice.org lililoitwa Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ikatafsiri sura ya Windows XP. Wakenya wengi tukaandika tarakilishi, Watanzania wengi kompyuta, na ngamizi ikabaki na wapenzi wake wachache. Msomaji wa upande mmoja huliona neno la mwenzake kama Notepad ilivyouona mwisho wa mshororo wa Linux: kisanduku, kisha anaendelea. Vikao vya istilahi vimefanyika vingi. Kisanduku kingali pale.

Upande wa mashine ulipatana upesi zaidi kuliko upande wa maneno. Mwezi wa Februari 2007, mwezi uleule babu alipozikwa, lilitoka toleo thabiti la kwanza la NTFS-3G, programu huria iliyoiwezesha Linux kuiandikia NTFS kwa usalama. Ubuntu ya Oktoba mwaka huo ilikuja nayo tayari. Mwaka 2019 Microsoft iliuchapisha hadharani mpangilio wa exFAT, usiobanwa na ule mpaka wa gigabaiti 4, na kiini cha Linux kikaupokea mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye kikapokea na njia mpya ya kuiandikia NTFS. Windows XP yenyewe iliacha kuhudumiwa Aprili 2014. Hata hivyo mtego mmoja umezidi kuwa mbaya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows inapozimwa kwa kawaida haizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iamke haraka. Linux ikiandika kitu kwenye sehemu iliyokuwa wazi wakati huo, Windows huamka na picha ya zamani kichwani, kama mzee aliyesinzia katikati ya mazungumzo akaamka akijibu swali la jana, na faili huharibika. Ndiyo maana Linux ikiona dalili ya usingizi huo hukubali kusoma tu. Dawa ni kuuzima kabisa ule uamkaji wa haraka kabla ya kushirikisha chochote.

Aliyekuwa mwanafunzi sasa ni mwalimu wa sekondari. Kasha lile halipo. Diski yake ameihifadhi ndani ya soksi ya sufu kwenye sanduku la bati, na nakala za Babu.ogg zipo mahali pane, mbili kati yake nje ya Timau. Krismasi moja aliwasikilizisha jamaa waliokusanyika. Shangazi yake, asiyependa kudanganywa, aliikazia macho skrini, akaona faili iliandikwa saa tano na dakika nne usiku. Akapinga papo hapo. Baba yake, alisema, hakuwahi katika maisha yake kukesha hadi saa tano. Saa mbili na nusu alikuwa blanketini.

Mpwa wake alimweleza kwamba Windows huitunza saa ya mashine kwa majira ya mahali, na Linux huitunza kwa majira ya Greenwich isipoambiwa vingine. Kwamba mwaka 2006 yeye hakuiambia. Na kwamba kwa hiyo Linux iliisoma saa ya Timau kama ya Greenwich, ikaongeza tatu juu yake. Babu alimaliza kusimulia saa mbili na dakika nne.

"Sasa hiyo ndiyo," shangazi alisema. "Tulikuwa hata hatujapakua chakula."